Nina HGL, nataka digrii ya ubunifu wa mitindo, baba anasema kushona ni kwa waliofeli

Shikamoo dada,

Naomba usitaje jina langu maana baba yangu mdogo anasoma sana hii safu yako na akijua ni mimi atapeleka maneno nyumbani kabla sijajipanga.

Nina miaka 20, tunakaa Mbagala. Nimemaliza form six mwaka huu, nilisoma HGL, matokeo yalivyotoka nimepata History C, Geography D na English C, yaani two ya 10. Nyumbani walifurahi sana baba akanunua hadi soda za majirani, halafu akaanza kunipangia, anataka niombe ualimu au sheria, na ualimu ndio anaupenda zaidi kwa sababu anasema mkopo unapatikana kirahisi na mwalimu halali njaa. Mimi nikamwambia nataka kusomea fasheni dizaini, digrii kabisa. Dada, baba alinyamaza kama dakika nzima hivi halafu akasema "nimekusomesha miaka yote hiyo ili ukawe fundi cherehani? Kushona ni kazi ya waliofeli la saba." Mama mdogo wangu alikuwepo pale pale, na yeye ndio fundi, ana kibanda chake Tandika mwaka wa 14 sasa. Alicheka tu akaondoka na mkoba wake. Iliniuma hadi leo.

Huyo mama mdogo ndio kanifundisha. Tangu form two kila likizo nilikuwa naenda kumsaidia, nimeanza na kutia vifungo na kupiga pasi, baadaye akaniacha nishone mashati ya shule, saa hizi nashona gauni za kawaida na sketi za kitenge, overloki naiweza, ila koti sijawahi na kukata bado anakata yeye mi nashona. Kuchora ndio napenda kuliko vyote. Nina michoro kama 60 kwenye simu na daftari, marafiki wanasema ni mikali. Nakubali nyingi natoa mtandaoni nabadilisha rangi na mikono.

Sasa kuna kaka mmoja wa wakala wa vyuo vya nje kanipata WhatsApp, anasema anaweza kunipatia nafasi ya fasheni dizaini chuo kimoja India, ada nafuu, hawataki potifolio ya kazi zangu wala usaili, vyeti tu, ila nilipe laki nane ya kushikilia nafasi maana zimebaki mbili. Nina akiba 340,000, alisema nianze na hiyo. Ndoto yangu hasa ni London ila najua hela hatuna. Nikiangalia vyuo vya hapa kwetu naona kuna kozi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya mambo ya nguo ila sielewi kama ndio yenyewe.

Dirisha la maombi liko wazi na baba anataka nijaze fomu wiki ijayo. Nijaze tu ualimu halafu nitajua mbele? Nimlipe yule kaka? Na hiyo potifolio wanayoisema inakuaje, michoro yangu 60 inatosha? Nisaidie dada, sina mtu wa kumuuliza, mama mdogo mwenyewe ananiambia "msikilize baba yako".

Msomaji wako, Mbagala

*

Marahaba mdogo wangu,

Kwanza hiyo 340,000 usimpe mtu. Ningeweza kuandika hiyo sentensi mara tatu. Chuo cha ubunifu kinachochukua mwanafunzi bila kuona hata kitu kimoja alichotengeneza, jiulize kinafundisha nini. India yenyewe ina vyuo vya maana, kuna NIFT, taasisi yao ya taifa ya mitindo iliyoanzishwa mwaka 1986, na kule wenyewe Wahindi wanaingia kwa mtihani, wanapimwa ubunifu, wanapimwa uelewa, halafu kuna mtihani wa vitendo wanakukalisha na makaratasi, waya, vitambaa, uzi, wanakwambia tengeneza kitu na muda unakwenda. Sasa huyo kaka anakuuzia nchi hiyo hiyo kwa cheti na laki nane. Na ujue pia ukitaka kwenda kusoma nje, TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, wana utaratibu wao wa kibali cha kutokuwa na pingamizi, wanaangalia chuo na kozi, na ukirudi cheti cha nje kinapita kwao kutambuliwa. Mwambie kaka akupe jina kamili la chuo na la kozi ukaulize TCU. Nadhani nafasi mbili zilizobaki zitaisha jioni hiyo hiyo.

Haya, tuje kwenye fomu. Swali la kwanza halihusu baba yako hata kidogo, linahusu neno "fasheni dizaini", maana watu wanalitumia kwa vitu vitatu tofauti na digrii zake ni tofauti. Kuna kitambaa chenyewe, nyuzi, kusuka, kutia rangi, viwanda. Kuna nguo, yaani kuwaza vazi, kulikata, kulijenga likakaa mwilini. Halafu kuna biashara ya nguo, soko, bei, kuuza. Ile ya UDSM uliyoiona ni BSc ya Textile Design and Technology, iko koleji ya uhandisi, ni kozi nzuri sana ila uzito wake uko kwenye kitambaa na vigezo vyake vimekaa kisayansi, kwa mtu wa HGL sitakudanganya. Fungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU cha mwaka huu, kiko bure mtandaoni, soma mstari wa vigezo wa kozi hiyo kwa macho yako, usiambiwe na mtu, hata mimi.

Ukitaka iliyo karibu na nguo yenyewe, watu wengi wanaangalia jirani. Chuo cha Kenyatta kule Kenya wana BSc ya Fashion Design and Marketing, na jina limeshakwambia soko limo ndani, sio kukaa na penseli tu. Chuo Kikuu cha Nairobi wana BA ya Design. Makerere wana shule yao ya sanaa yenye jina la Margaret Trowell, aliyeanzisha masomo ya sanaa pale miaka ya 1930. Kote huko vyeti vyako vya NECTA vitahitaji kulinganishwa na vya kwao, na ada na hosteli ni juu yenu, mkopo wa HESLB usiuweke kwenye hesabu za kwenda nje. Nakuandikia haya ili ukae na baba ukiwa na namba mkononi. Waandikie barua pepe ofisi za udahili uulize mambo mawili tu, mwombaji wa Tanzania mwenye HGL anaingia kwa vigezo gani, na ada ya mwaka ni kiasi gani. Majibu yachapishe.

London naiacha kwa sasa na sababu unaijua, mwanafunzi wa nje kwa kozi kama hizi analipa zaidi ya pauni 20,000 kwa mwaka kabla hajala. Ila kuna mtu wa London nataka umjue. Alexander McQueen, mmoja wa wabunifu wa mitindo wakubwa wa Uingereza, aliacha shule ana miaka 16 akaenda kuwa mwanafunzi wa ufundi kwa mafundi wa suti wa mtaa wa Savile Row. Alikaa kwenye viti vya mafundi akikata na kushona makoti, miaka kadhaa, kabla hajakanyaga Central Saint Martins, chuo cha sanaa na ubunifu cha London, na inasemwa alikwenda pale akitafuta kazi ya kufundisha kukata, wakaona kazi yake wakamchukua asome, akamaliza shahada ya uzamili mwaka 1992. Kwa hiyo ukimsikia baba anasema kushona ni kwa waliofeli, usibishane naye mezani, ila wewe mwenyewe ujue kile kibanda cha Tandika ni mtaji ambao wenzako watakaoomba vyuo hivyo wengi hawana. Wanafika chuo hawajui kuzungusha uzi kwenye kibobini.

Sasa michoro 60.

Nikuambie kisa changu. Niliwahi kwenda kwenye usaili wa chuo fulani na faili limenona, michoro zaidi ya 40, kila mmoja kwenye karatasi ya nailoni, wadada warefu shingo kama twiga, nilikuwa najiona nimefika. Mama mmoja wa usaili akafungua, akafungua, akasimama kwenye gauni moja la bluu nililokuwa nalipenda kuliko yote, limebana kuanzia shingoni hadi magotini. Akaniuliza, "Huyu dada anavaaje hili gauni?" Nikasema kwenye harusi. Akasema hapana, analivaa vipi, kichwa kinapita wapi? Sikuwa nimechora zipu. Wala kifungo. Wala mpasuo. Nilikuwa nimechora rangi iliyomwagika juu ya mwanamke. Nikarudishwa, na walikuwa sahihi.

Potifolio sio albamu ya picha kali, hapo ndipo wengi tunapopotea. Anayeifungua anatafuta kujua kichwa chako kinafanyaje kazi ukikwama. Anataka aone ulianzia wapi, ulijaribu nini, kilikataa wapi, ukafanyaje. Mchoro uliotolewa mtandaoni ukabadilishwa mikono hauna hayo yote, na hao walimu wanakaa mtandaoni kuliko wewe, wataujua. Kati ya 60 toa 50. Najua inauma. Hizo 10 zilizobaki ambazo ni zako kweli, kila moja ichorewe tena kwa mchoro bapa, bila mtu ndani, mbele na nyuma, kila mshono unaonekana, zipu inaonekana, urefu umeandikwa, kiasi kwamba ukimpa mama mdogo akate bila kukuuliza swali. Akikuuliza swali, mchoro haujaisha. Huyo ndio mtahini wako wa bure.

Halafu hivi ndivyo ningefanya ningekuwa wewe, kuanzia Jumamosi hii. Nenda mtumbani Karume, tafuta koti la suti, blezi ya kiume iliyochoka, ya bei ya chini kabisa, usijali rangi. Njoo nayo kibandani, chukua wembe, ifumue. Polepole, uzi kwa uzi, na kabla ya kila kipande kutoka piga picha na uandike namba kwa chaki. Ukifungua bitana utakuta vitu ambavyo hujawahi kuvishona, gamu imegandishwa kifuani, kanvasi, pedi ya bega imeshikwa kwa mishono mikubwa ya mkono, na mkanda mwembamba umeshonwa kwenye ukingo wa kola ili isivutike. Utaona mkono wa koti sio mmoja, ni vipande viwili, na kichwa cha mkono ni kikubwa kuliko kwapa linalokipokea, sasa jiulize kile kilichozidi kimekwenda wapi. Kimemezwa, kidogo kidogo kwa mvuke na sindano, ndio maana bega limekaa duara halina makunyanzi. Hilo mtu anaweza kulisoma mwaka mzima darasani asilielewe kama utakavyolielewa saa hiyo umelishika mkononi. Vipande vyote vipige pasi, vilaze kwenye karatasi ya khaki, vichore kwa kuzunguka, hapo tayari una patani ya kwanza ya maisha yako.

Kisha nunua marekani, ile pamba nyeupe isiyo na maua, bibi zetu waliiita hivyo kwa sababu ilikuja Zanzibar na meli za Wamarekani karne ya 19, na ni nzuri kwa nguo ya majaribio kwa sababu haifichi makosa, kitenge kinaficha kila kitu. Kata hilo koti upya kwa marekani ila usilikate kwa ajili ya modo. Likate kwa mama mdogo. Mtu aliyeinama kwenye cherehani miaka 14 mgongo wake una umbo lake, mabega yamekuja mbele, na kila nguo ya dukani inamvuta kwa nyuma na kumziba shingoni. Mpime akiwa amekaa anashona, sio amesimama. Tengeneza koti la mtu anayekaa kwenye cherehani siku nzima, mifuko iwe pale mkono wake unapofika, mkasi uwe na mahali pake. Jaribio la kwanza litakataa. La pili pia litakataa kwapani, nakuhakikishia. Yapige picha yote mawili, chora mistari myekundu pale linapovuta, andika pembeni kwa maneno yako ulibadilisha nini. Hiyo peke yake ni kurasa 10 za potifolio na hakuna mwombaji mwingine atakayekuwa nayo.

Mradi wa pili, khanga. Unajua khanga ina pindo, mji, na jina, na kila fundi akiikata lazima kitu kife, ama pindo linakatika kiunoni vibaya ama jina linaishia kwapani halisomeki. Chukua doti moja, fikiria gauni ambalo jina linabaki zima na pindo halipotei hata inchi. Anza na karatasi, chora khanga ndogo, katakata kwa mkasi, kunja, jaribu mara 20 kabla hujagusa kitambaa. Hizo karatasi usizitupe, zibandike kwenye daftari. Mradi wa tatu nakuachia, nikikupa wote utakuwa potifolio yangu.

Picha zipigie mchana kwenye kivuli, nyuma weka ukuta mtupu, simu yako inatosha. Kila nguo mbele, nyuma, ndani. Weka kwenye PDF moja isiyo nzito maana kila chuo kina kiwango chake cha kurasa na ukubwa, soma maelekezo yao uyafuate, hapo ubunifu hautakiwi. Na barua ya maombi, tafadhali usianze na "tangu utotoni nimekuwa nikipenda fasheni", wote wanaanza hivyo. Anza na lile kwapa lililokataa.

Sasa baba. Kwangu mimi usijaze ualimu kwa ajili ya kumnyamazisha, kwa sababu ukichukua mkopo ukaacha mwaka wa kwanza deni linakufuata na nafasi umemnyima mtu aliyeutaka ualimu kweli. Mwombe mwaka mmoja. Usimwambie unapumzika, baba yeyote wa Kitanzania akisikia mtoto "anapumzika" moyo unamwenda mbio. Mwambie unakwenda VETA kwenye kozi ya ubunifu wa mavazi, ushonaji na teknolojia ya nguo, ina ngazi na ina cheti, huku unaandaa maombi ya mwakani, na matokeo yako ya form six hayaozi, mwakani dirisha linafunguliwa tena na two yako ni ile ile. Kama hadi mwezi wa saba ujao hakuna chuo kilichokujibu vizuri, mtakaa tena mezani na sheria itakuwepo, ualimu utakuwepo. Baba anaogopa njaa na hilo sio kosa lake, kwa hiyo mpe tarehe, atakuwa na kitu cha kukushikia.

Ila jiandae, anaweza kukutolea mfano wa Mustafa Hassanali, mbunifu wa mitindo wa hapa kwetu aliyeanzisha Swahili Fashion Week mwaka 2008, maana yule alisomea udaktari na bado amefika. Atasema si unaona, soma kitu cha maana kwanza, mitindo itakuja. Na ni hoja, siwezi kukudanganya, digrii ya mitindo hailazimiki ili ushone wala ili uuze. Wewe lazima uwe na jibu lako kwa nini unaitaka. Mimi nimeona moja kwenye barua yako bila wewe kujua, umesema mama mdogo anakata na wewe unashona. Unataka kukata. Unataka kujua kwa nini. Anza hapo ukiongea na baba, maana "ndoto" hazimtishi mtu aliyelipa ada miaka yote hiyo, ila mtoto anayejua hasa ni kitu gani hakijui na anataka akakijulie wapi, huyo inakuwa ngumu kumjibu.

Na yule mama mdogo aliyecheka akaondoka, kabla hujampima hilo koti kaa naye umwambie umesikia kilichosemwa siku ile na kimekuuma. Amekulea kwenye hiyo kazi, kisha amesikia kwenye sebule ya shemeji yake kwamba ni kazi ya waliofeli. "Msikilize baba yako" anayokwambia inawezekana ni heshima tu, haina maana kwamba anakubaliana.

Laki tatu na arobaini zinatosha blezi ya mtumba, marekani, karatasi za khaki, doti ya khanga na bando la kutuma barua pepe, na zitabaki. Ukishalifumua hilo koti nitumie picha ya bega. Ya ndani.